Kindu: "Mapenzi ya Mungu" hayamfuti dhambi aliyejaza mtumbwi

Mjini Kindu, kila matanga yana maneno yake. Iwe Kasuku, Mikelenge ao ng'ambo ya mto kule Alunguli, watu wanapokaa pamoja kumlilia marehemu, hakosi mmoja wa kusema: "Siku yake ilifika." Mwingine anajibu: "Ni mupango ya Mungu." Pasta ao katekista akisimama, anaongeza kwamba Mungu alikuwa ameandika siku hiyo hata kabla marehemu hajazaliwa. Wote wanaitikia amina, na mazungumzo yanaishia pale.

Maneno hayo yanasemwa juu ya mzee aliyekufa kitandani mwake, wajukuu wakiwa wamemzunguka. Yanasemwa pia juu ya kijana aliyezama katika Lualaba kwa sababu mtumbwi ulipakizwa watu na magunia mpaka maji yakabakiza vidole viwili kuingia ndani. Vifo hivyo viwili havifanani, lakini vinapewa maelezo yaleyale. Hapo ndipo swali la zamani la Wakristu, kama mwanadamu ana hiari ao kila kitu kimekwisha kupangwa na Mungu, linapotoka katika vitabu vya teolojia na kushuka mpaka kwenye kivuko.

Mji wenye mto katikati

Kindu imegawanywa na Lualaba. Kasuku na Mikelenge ziko upande wa kushoto, pamoja na gari la moshi na uwanja wa ndege. Alunguli iko upande wa kulia. Daraja hakuna. Mwanafunzi, mama muuza mihogo na mgonjwa anayepelekwa hospitali, wote wanavuka juu ya maji. Kwenda chini, kutoka Kindu mpaka Ubundu, mto unapitika kwa zaidi ya kilomita 300, na kwa vijiji vingi vya kandokando mtumbwi na baleinière ndiyo barabara.

Hatari za njia hiyo zinajulikana na kila mtu. Vyombo vinapakizwa kupita uwezo wao: watu juu ya magunia ya mchele, bidoni za mawese katikati, mbuzi na kuku pembeni. Jile za kuokolea hazitoshi ao hazipo kabisa. Safari za usiku zimekatazwa mara nyingi na wakubwa wa serikali, lakini katika mito ya nchi hii bado zinafanyika.

Mambo hayo si ya Maniema peke yake. Mwezi wa Juni 2024, kwenye mto Kwa katika jimbo la Mai-Ndombe, boti ilizama usiku na watu zaidi ya 80 wakafa. Tarehe 3 Oktoba mwaka uleule, boti iliyoitwa Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka katika ziwa Kivu karibu kabisa na kufika bandari ya Kituku, Goma. Ilikuwa imebeba watu wengi kupita kiasi, na makumi yao walipotea mbele ya macho ya ndugu waliokuwa wakiwangojea ukingoni.

Kila mara, baada ya maombolezo, yanasikika maneno yaleyale: Mungu alipenda. Lakini aliyehesabu abiria ni mtu. Aliyepokea pesa za tiketi ni mtu. Aliyepaswa kuzuia chombo kisiondoke, akakiacha kiondoke, ni mtu pia.

Walimu wa kanisa hawakufundisha hivyo

Wanaosema "kila kitu kimeandikwa" wanafikiri wanasimama juu ya mafundisho ya kanisa. Inafaa kuangalia vizuri ni mafundisho gani.

Agostino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliyekufa mwaka 430, ndiye aliyetetea kwa nguvu kwamba mwanadamu hawezi kujiokoa bila neema ya Mungu. Alishindana na Pelagio, aliyeona kwamba mtu anaweza kutenda mema kwa nguvu zake mwenyewe. Lakini Agostino huyohuyo alifundisha kwamba dhambi inatoka katika nia ya mwanadamu, wala haitoki kwa Mungu. Miaka karibu mia moja baada yake, mwaka 529, maaskofu waliokutana Orange, Ufaransa, walilaani wazo la kwamba Mungu amewapangia watu fulani kutenda maovu.

Karne ya 16, mgawanyiko ukawa mkubwa zaidi. Luther alibishana na Erasmus juu ya hiari ya mwanadamu. Calvin, kule Geneva, akafundisha kwamba Mungu alichagua tangu milele nani ataokolewa na nani hapana. Kanisa Katoliki, katika Mtaguso wa Trento mwaka 1547, likajibu kwamba neema inatangulia, lakini mwanadamu anaweza kuipokea ao kuikataa. Baadaye, kati ya 1618 na 1619, Waprotestanti wenyewe waligawanyika huko Dort, Uholanzi, wakati wafuasi wa Arminius walipohukumiwa kwa kusema kwamba mwanadamu anaweza kuipinga neema.

Wote hao walibishana juu ya jambo moja kubwa: wokovu wa roho unaanzia wapi na nani ana neno la mwisho. Juu ya mtu anayefanya uzembe na kumtupia Mungu lawama, hawakubishana. Calvin mwenyewe, ambaye jina lake linatajwa kila mara mtu akisema habari za kupangiwa na Mungu, alikutana na watu wa namna hiyo katika wakati wake. Aliwajibu kwamba Mungu aliyeweka mpaka wa maisha ya mtu ndiye pia aliyempa mtu huyo kazi ya kuyatunza maisha hayo, akampa na akili ya kuona hatari mbele yake na njia za kujikinga. Kwa Calvin, mwenye kuzidharau njia hizo anaidharau zawadi ya Mungu, wala hatimizi mpango wake.

Basi hata mwalimu mkali kuliko wote hawezi kuitwa kuwa shahidi wa mwenye baleinière.

Ibara ya 17 na makanisa mawili ya Kindu

Kuna jambo moja linalogusa Kindu kwa karibu. Mji huu una Wakatoliki wengi, wenye jimbo lao la kiaskofu. Una pia dayosisi ya Kianglikana, na kwa miaka mingi umekuwa makao ya askofu wa Kanisa la Methodiste kwa eneo la Congo ya Mashariki. Wanglikana na Wamethodiste ni watoto wa nyumba moja, lakini juu ya swali hili waliachana.

Katika Ibara 39 za Kanisa la Uingereza, zilizokamilishwa mwaka 1571, ibara ya 17 inahusu kuchaguliwa na Mungu tangu mwanzo. Inasema kwamba fundisho hilo ni faraja tamu kwa waaminifu. Halafu inatoa onyo: likishikwa na watu wasio na Roho wa Kristu, linageuka kuwa shimo, kwa sababu shetani analitumia kuwasukuma ama katika kukata tamaa, ama katika kuishi bila kujali chochote.

John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodiste, alikuwa kasisi wa kanisa hilo. Hakukubali fundisho la kwamba wengine wamechaguliwa na wengine wameachwa. Mwaka 1739 alihubiri wazi dhidi yake, akatofautiana na rafiki yake George Whitefield. Mwaka 1784, alipopunguza zile ibara kwa ajili ya Wamethodiste wa Marekani, ibara ya 17 aliiacha nje.

Kwa hiyo kati ya makanisa haya mawili ya Kindu, moja lina mapokeo yaliyoihifadhi ibara hiyo na lingine lina mapokeo yaliyoitoa. Kwenye ukingo wa Lualaba, tofauti hiyo haileti majibu mawili. Aliyeihifadhi anakumbushwa kwamba fundisho hilo ni sumu mdomoni mwa asiyejali. Aliyeitoa anaamini kwamba kila mtu atajibu mbele ya Mungu kwa alichokichagua. Wote wawili wanapaswa kumwuliza mwenye chombo: ulipakiza watu wangapi?

Mtume Paulo ndani ya meli

Biblia yenyewe ina habari moja inayofaa kusomwa kwenye kila kivuko. Ni sura ya 27 ya Matendo ya Mitume.

Paulo ni mfungwa anayepelekwa Roma. Majira ya hatari yamekwisha kuingia, naye anawaonya wakubwa kwamba safari italeta hasara ya mizigo na ya maisha pia. Afisa wa jeshi anayemlinda hamsikilizi. Anamwamini nahodha na mwenye meli. Wanaondoka, na dhoruba inawapiga siku nyingi mpaka wote wanakata tamaa.

Hapo Paulo anapewa ahadi ya Mungu kupitia malaika: meli itapotea, lakini hakuna mtu hata mmoja atakayekufa. Kama kuna mpango wa Mungu uliotangazwa wazi, ni huo. Ndani ya meli wako watu 276, na Mungu amesema wote watapona.

Lakini usiku fulani mabaharia wanajaribu kushusha mtumbwi mdogo ili watoroke na kuwaacha abiria. Paulo hasemi, "Waacheni, Mungu amekwisha kuahidi." Anamwambia afisa na askari kwamba mabaharia wale wasipobaki melini, wao hawataweza kuokoka. Askari wanakata kamba. Asubuhi watu wanakula ili wapate nguvu, kisha ngano inatupwa baharini ili meli iwe nyepesi. Mwishoni wanaojua kuogelea wanaruka kwanza, na wengine wanafuata juu ya mbao. Wote wanafika nchi kavu katika kisiwa cha Malta.

Ahadi ya Mungu ilitimia kwa mikono ya watu waliokata kamba, waliotupa mizigo na waliobaki kazini mwao. Paulo hakuona kupingana kokote kati ya kumwamini Mungu na kumzuia baharia asitoroke. Na mizigo, ambayo mwenye meli aliitegemea kwa faida, ndiyo iliyotupwa kwanza ili watu wapone. Kwenye Lualaba mara nyingi inakuwa kinyume: gunia la mchele lina nafasi yake hakika, mtu anatafutiwa nafasi juu yake.

Faraja ina haki yake

Kuna watakaosema kwamba maneno haya ni makali. Mama aliyempoteza mwanawe hahitaji hesabu ya jile na uzito wa mizigo. Anahitaji kujua kwamba mtoto wake hakuanguka nje ya mikono ya Mungu. Wana haki kabisa. Katika mashariki ya Congo, ambako vita, maradhi na umaskini vimechukua wengi, imani kwamba Mungu anatawala hata pale mambo yanapovunjika ndiyo inayowafanya watu waamke asubuhi na kurudi shambani. Asiwepo mtu wa kuwanyang'anya.

Lakini faraja hiyo ina mwenyewe. Ni ya mama anayelia. Yusufu, aliyeuzwa na ndugu zake, ndiye aliyesema kwamba walikusudia mabaya, lakini Mungu aliyageuza kuwa mema. Alisema hivyo yeye aliyetupwa shimoni. Kama ndugu zake ndio wangesimama na kusema, "Tulikuuza kwa sababu Mungu alipanga," kila msomaji wa Biblia angeona aibu yake. Na Yusufu, hata aliposamehe, aliyaita matendo yao kwa jina lake: mabaya.

Neno hilohilo, likitoka kwa aliyeumizwa, ni imani. Likitoka kwa aliyeumiza, ni kujificha. Pasta anayelisema mbele ya wote bila kutofautisha anamfariji mama, lakini anamfungulia mlango wa nyuma mtu mwingine aliyekaa kwenye matanga hayohayo, pengine kiti cha mbele, pengine na bahasha ya mchango mkononi.

Mungu ao mchawi, kamwe si nahodha

Wengine wanalikataa neno "mapenzi ya Mungu," lakini wanakimbilia upande mwingine. Wanauliza: nani amemroga? Nani katika familia alikuwa na wivu? Kuna wahubiri wanaojibu swali hilo haraka, na mara nyingi kidole kinamwangukia bibi mzee ao mtoto yatima asiye na mtu wa kumtetea.

Maelezo hayo mawili yanaonekana kama maadui, lakini yanafanya kazi moja. La kwanza linapeleka jambo mbinguni, la pili linalipeleka gizani. Yote mawili yanaruka juu ya kichwa cha mtu aliyesimama kivukoni mchana kweupe, akipokea pesa na kusema, "Ingieni, bado kuna nafasi." Yesu alipotaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kusema kwamba walikuwa wenye dhambi kuliko wengine. Aliwarudisha waliomsikiliza kwenye maisha yao wenyewe: ninyi mtabadilika?

Hiari haigawanywi sawasawa

Hata hivyo, upande wa hiari nao una ubaya wake ukitumiwa vibaya. Utasikia mtu akisema: "Nani alimlazimisha kupanda? Aliona boti imejaa, akaingia. Amechagua mwenyewe." Maneno hayo yanamfanya marehemu kuwa mkosaji wa kifo chake.

Abiria wa Merdi walipanda boti katika wakati ambapo barabara ya Goma kwenda Minova ilikuwa imekatwa na vita. Ziwa ndilo lililobaki. Mama wa Alunguli anayepeleka mtoto mwenye homa ng'ambo hana daraja la kuchagua. Ana hiari, ndiyo, lakini hiari yake ni nyembamba kama mtumbwi wenyewe. Mwenye chombo ana hiari pana zaidi: anaweza kupunguza watu watano na magunia matatu. Mkubwa wa serikali anayesimamia mto ana hiari pana kuliko hiyo: anaweza kuzuia safari, kuweka alama ya mwisho wa mzigo, kudai jile kwa kila abiria. Na wale walio juu wanaopanga pesa za barabara na madaraja wana pana kupita wote.

Injili ya Luka inafundisha kwamba aliyepewa vingi atadaiwa vingi. Hiyo ndiyo kanuni ya kuhesabu hiari. Mahubiri juu ya uhuru wa mwanadamu yanayoanza na abiria maskini na kumalizikia kwake yamekosea hesabu.

Jirani Mwislamu anajua swali hilo

Maniema, nchi ya Kasongo na Nyangwe, ni jimbo ambalo Uislamu una mizizi mirefu kuliko sehemu nyingi za Congo. Waislamu wa Kindu wana neno lao, kadari, na wanazuoni wao walibishana juu yake tangu karne za kwanza. Lakini nao wana fundisho linalojulikana na kila mtoto wa madrasa: mfunge ngamia wako kwanza, kisha mtegemee Mungu. Padri, pasta na shehe wanaweza kutofautiana juu ya mambo mengi, lakini juu ya kufunga ngamia wanaweza kusimama kwenye kivuko kimoja na kusema neno moja.

Kinachoweza kufanyika

Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, ilimwamuru anayejenga nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Waisraeli waliamini kabisa kwamba Mungu anajua siku ya kila mtu. Bado waliamriwa kuweka ukuta, na asiyeuweka alikuwa na hatia. Jile ndani ya mtumbwi ni ukuta huo. Kuzuia safari ya usiku ni ukuta huo. Kukataa gunia la mwisho ni ukuta huo.

Wenye vyombo ni waumini. Wanakaa katika viti vya kanisa, wanatoa fungu la kumi, wengine ni wazee wa kanisa. Kanisa linajua jinsi ya kumwita mtu mwenye wake wawili ao mlevi na kumwambia arekebishe maisha yake. Linaweza kumwita pia anayepakiza kupita kiasi. Mahubiri ya Jumapili moja juu ya Matendo 27 yanaweza kufanya kazi ambayo matangazo mengi ya serikali hayakuifanya, kwa kuwa mwenye boti anaweza kumhonga askari wa kivuko, lakini hawezi kuihonga dhamiri iliyoamshwa mbele ya majirani zake.

Na kwenye matanga, mchungaji anaweza kusema maneno mawili badala ya moja. La kwanza kwa familia: mtoto wenu yuko mikononi mwa Mungu, wala hakuna maji yanayoweza kumtoa humo. La pili kwa wote waliokaa pale: waliosababisha kifo hiki watajibu, mbele ya sheria na mbele ya Mungu, na kila mmoja ajiulize sehemu yake. Neno la kwanza likisemwa peke yake, mtumbwi wa kesho utaondoka umejaa kama wa jana.

Nani ameandikwa katika kitabu cha uzima, hilo ni siri ya Mungu, na makanisa yataendelea kulijadili mpaka mwisho wa dunia. Idadi ya watu wanaopanda mtumbwi kutoka Alunguli kesho asubuhi si siri. Itaamuliwa na mtu, kivukoni, kabla mota haijawaka.